Vidonge vya Jumapili

Duka langu la dawa liko Myamba, huku milimani, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mwenye duka la dawa hawezi kuwa ndugu mbaya. Nilijidanganya. Mdogo wangu wa kiume nilimpa dawa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mapenzi, hadi nikakaribia kumzika.

Alivunjika mgongo akiwa juu ya magunia ya tangawizi, kwenye lori la Kenta lililoshindwa kona likiteremka kwenda tambarare. Dereva alitoka na mikwaruzo. Mdogo wangu hajasimama tena. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia, na kibofu hakimtii, kwa hiyo mara tano kwa siku anajipitishia mpira mwembamba ili mkojo utoke. Kazi hiyo aliizoea yeye kabla sijazoea mimi kuisikia ikitajwa. Kabla ya ajali alikuwa akiimba besi katika kwaya yetu ya Kilutheri. Muziki siujui, lakini bila yeye wimbo ulikuwa makande yasiyo na maharage.

Miezi kadhaa baada ya kutoka hospitali alirudi kanisani kwa kiti cha magurudumu, na baada ya hapo ndipo lilipoanza suala la harufu. Mkojo wake ulikuwa na ukungu na ukali, na tone moja likipenya kwenye suruali lilisikika. Kila Ijumaa akawa ananipigia simu. “Dada, nipe.” Sikuuliza nimpe nini. Nilimpelekea sipro, vidonge vya kuua bakteria, viwili vya Ijumaa na viwili vya Jumamosi. Jumapili harufu ilikuwa imepungua, anavaa joho lake na kuimba. Jumatatu hamezi kitu, mpaka Ijumaa nyingine.

Mteja mwingine akikatisha dozi namfokea. Nimewahi kumrudisha mtu mzima nyumbani kwake akalete pakiti, nihesabu vidonge mbele yake. Kwa mdogo wangu sikuiona dozi, niliiona Jumapili tu. Sipro ilipoanza kushindwa nilimbadilishia, na hiyo nyingine ilipochoka nikambadilishia tena. Yeye naye akaongeza la kwake: tangu Jumamosi mchana hanywi maji, asije akalowa ibadani. Wifi yangu, mkewe, alinilalamikia kwamba mkojo unatoka mzito kama chai ya rangi. Nilimwambia amwache mwanaume, anaujua mwili wake.

Homa ilimpata asubuhi ya siku ya soko. Wifi alikuja mbio, kanga mkononi, nikafunga duka na wateja wakiwa mlangoni. Nilimkuta anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Miguu ile isiyo na hisia ilikuwa inakakamaa na kuruka yenyewe. Nikafanya nililolizoea, nikampa kidonge kikali kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikaongeza cha pili. Kesho yake alinitazama akaniita mama. Mama yetu tumemzika nyuma ya nyumba ile ile. Ndipo nilipotafuta gari la kutushusha hospitali, Same.

Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. “Shikamoo, mama,” akasema, nami nikaitikia huku nikimtajia dawa zote nilizompa mgonjwa, ili ajue hazungumzi na mtu wa kuokoteza. Aliandika bila kuinua kichwa. Alimwekea dripu, kisha akapeleka mkojo maabara ukaoteshwe, wajue ni bakteria gani na ni dawa gani inawaua. Siku zile za kungoja nilikaa kwenye benchi la nje, kwenye joto la Same, nikimwogopa Mungu kuliko nilivyowahi kumwogopa kanisani.

Majibu yalipotoka aliniita ndani. Kwenye karatasi dawa zilipangwa moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja neno lile lile: sugu, yaani haiwaui tena. Nilikuwa nasoma rafu ya duka langu kutoka juu hadi chini. Ilibaki moja tu mwishoni, ya sindano, ambayo duka kama langu haliruhusiwi hata kuiweka.

Watu husema sisi Wapare tukiibiwa kuku tunauza ng'ombe tuendeshe kesi. Siku hiyo niliwapa haki wasemao. Nilibishana. Nilisema maabara imekosea, nikasema sampuli zimechanganywa, nikasema mimi natoa dawa tangu yeye hajaanza shule. Aliniacha nimalize.

“Mama, siku ulizokuwa unampa, alikuwa na homa?”

“Hapana.”

“Alikuwa anatetemeka? Miguu inakaza kuliko kawaida? Analowa ghafla kuliko siku zote?”

“Hapana.”

“Sasa ulikuwa unatibu nini?”

“Harufu,” nikasema.

Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alivuta kiti karibu, akanieleza taratibu kwamba mtu wa kupitisha mpira kila siku hakosi bakteria kibofuni. Wakitulia, wanaachwa. Ukungu na harufu peke yake dawa yake ni maji ya kutosha, mikono safi, mpira safi, na kutopitisha saa za kutoa mkojo. Vidonge vinangoja siku ya homa. “Wewe ulikuwa unawachokoza kila wiki na huwamalizi,” akasema. “Wamejifunza dawa zako zote.”

“Na hii ya sindano?”

“Hii itamponya safari hii, nadhani. Wakiizoea na hii, mama, sitakuwa na cha kumpa.”

Alipona. Tulipandisha naye mlimani amekonda, shingo imekuwa kama ya mtoto. Nilimweleza kila kitu, na wifi akiwa hapo hapo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Lakini Ijumaa ya pili simu yangu ikaita. “Dada, nipe hata viwili.” Nikakataa. Akaniuliza kama nataka akae ndani mpaka afe. Nikakata simu, nikakaa nyuma ya kaunta nikalia, mimi ambaye huko sokoni wananiogopa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nimemchelea mwaka mzima.

Hakwenda kanisani Jumapili hiyo, wala iliyofuata, wala ya tatu. Wifi aliniambia kila akimwekea maji anayamwaga dirishani. Maji yale ndiyo yaliyonitisha. Asiponywa, homa itarudi, na dawa imebaki moja.

Kuna jambo nimelizungukazunguka tangu nianze kuandika. Siku ile ya kwanza aliporudi kanisani na kiti chake, hakuna aliyelalamika. Watu walimshika mkono, akina mama wakamlilia. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Katikati ya mahubiri niliinama nikamnong'oneza sikioni: “Mdogo wangu, unanuka mkojo. Usirudi tena hivi.” Nilidhani namkinga, asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu. Hakugeuka. Ibada nzima hakuimba tena. Ijumaa yake ndipo aliponipigia simu kwa mara ya kwanza. Hili sikumwambia daktari, wala wifi.

Jumapili ya nne nilivaa nguo zangu za kanisani nikaenda kwake mapema. Alikuwa amekaa ameuelekea ukuta.

“Twende,” nikamwambia.

“Umeleta?”

“Sijaleta.”

Akageuza kiti, akaniangalia kwa muda mrefu. “Dada, nanuka?”

Ningeweza kumwambia hapana. Wifi aliyekuwa mlangoni alinikonyeza niseme hapana.

“Unanuka,” nikasema. “Nilikosea kukukataza. Unisamehe. Twende hivyo hivyo.”

Hakusema amenisamehe. Alinyoosha tu mkono kwenye joho lililotundikwa msumarini. Njia ilikuwa na tope, tukamsukuma wifi na mimi, magurudumu yakinasa kila hatua. Kanisani nilimpeleka mpaka mwisho wa safu ya kwaya, nikakaa kando yake, mimi ambaye si mwanakwaya na sauti yangu inafukuza kuku. Mtu mmoja wa safu ya mbele aligeuka, pua imekunjamana. Nilimtazama hadi akakumbuka kwamba ana kitabu cha nyimbo mkononi.

Kwaya ikasimama. Wimbo wa kwanza mdogo wangu hakufungua mdomo, na wa pili vile vile. Aliweka mikono magotini, macho chini, na mimi nikawa najilaumu kwamba nimemleta kumwaibisha mara ya pili. Kisha, mahubiri yalipokuwa yanaendelea, bila kunitazama akanyoosha mkono kwenye kikapu changu, kilichokuwa na chupa.

“Dada,” akasema, “nipe maji.”