Mfarishi Wenye Dirisha

Dada yake fundi makochi aliitwa Chiriku tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Akipika anaongea, akifua anaongea, na ukimkuta amelala, mdomo uko wazi kama mtu aliyekatizwa katikati ya habari. Mama yao alipofariki, Chiriku aliacha shule akabaki nyumbani kumlea mdogo wake, na hata kulea kwenyewe alikufanya kwa maneno. Alimwogesha huku akimsimulia, akamchapa huku akimsimulia. Mdogo mtu akakua kimya, maana nafasi ya kusema ilikuwa imeshachukuliwa.

Sasa wote wawili walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, na Chiriku alikuwa anakufa polepole. Figo zake zilijaa vifuko vya maji. Bila shaka ndio ugonjwa uliomchukua mama yao, ila wakati ule watu walisema tu kwamba marehemu alivimba. Kila baada ya siku mbili, binti yake aliyekuwa msusi alimsindikiza hospitali. Huko aliketi kwenye kiti kirefu, katika chumba chenye mashine zinazolia pi-pi-pi, damu yake ikatolewa kwa mrija mmoja, ikasafishwa, ikarudishwa kwa mwingine. Ilirudi imepoa. Chiriku alitetemeka kiti kizima kikatetemeka naye, na blanketi jembamba la hospitali lilikuwa kama kujifunika gazeti.

Siku daktari alipotamka kwamba figo moja ya ndugu wa damu ingeweza kumwokoa, fundi hakungoja kuombwa.

"Yangu ipo," alisema.

"Basi kuanzia leo acha soda," Chiriku akamwambia. "Nisije nikapewa figo ya sukari guru." Wakacheka wote watatu, yeye, mdogo wake na msusi, mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Fundi akapimwa. Walimtoa damu, wakachukua mkojo, mwishowe wakampaka mafuta ya baridi tumboni wampige picha ya ndani. Baada ya hapo daktari alimwita peke yake, akafunga mlango.

"Damu zenu zinalingana vizuri sana," daktari alisema. "Tatizo liko kwenye picha. Figo zako nazo zina vifuko. Hazijafika pabaya kama za dada yako, lakini safari ni ile ile."

"Ni ipi yenye vifuko?"

"Zote mbili."

Fundi alitazama viatu vyake, akaviona vina vumbi la mbao. "Chukueni ile yenye afadhali," alisema. "Hata ikimfaa muda mfupi."

"Haiwezekani, kaka. Na wewe inabidi uanze dawa."

"Basi asijue."

"Mimi siwezi kutoa siri yako. Lakini ushauri wangu ni kwamba umwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Alimjua dada yake. Aliyemlea kwa ujana wake wote angetumia nguvu kidogo zilizobaki kumlilia yeye, angeacha kula, angetaka kujua nani atawatunza watoto wa mdogo wake. Akamkuta kwenye kiti chake, akasimama upande wa miguuni, akasema, "Wamekataa, dada. Damu zetu hazilingani."

Asichokijua ni kwamba muuguzi alikuwa ameshampongeza Chiriku asubuhi ile ile: damu ya mdogo wako na yako, mama, ni kama mmezaliwa siku moja.

"Hazilingani?" Chiriku aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya."

Neno moja tu. Tangu siku hiyo Chiriku alimfungia mdogo wake mdomo. Fundi akiingia chumbani, dada aligeuza uso ukutani. Kwa wengine ndipo aliposema. Majirani wakasikia, mashangazi wakasikia: mdogo wangu alipoona kisu, miguu ilimwisha nguvu. Nilimtafunia chakula huyu, leo amenikimbia. Mke wa fundi, aliyeujua ukweli wote, alirudi kutoka dukani siku moja amejaa hasira.

"Wanakuita mwoga, baba watoto. Hadharani! Niache niende nikaseme."

"Waache waite."

"Na yeye je? Afe akikuchukia?"

Fundi alichukua begi lake la sindano akaenda kazini.

Ilikuwa wiki hiyo alipoanza kushona. Alitaka kumtengenezea dada yake mfarishi, lile blanketi la vipande vipande lenye pamba katikati. Duka lolote lingekuwa na blanketi zito, lakini alikuwa ameketi chumbani mle vya kutosha kujua kwamba la dukani lisingefaa. Alikuwa ameona jinsi muuguzi anavyopita kila mara na kulivuta blanketi chini, aone mkono wenye sindano, maana sindano ikichomoka chini ya kitambaa mtu anaweza kumaliza damu amefunikwa vizuri kabisa. Kila blanketi lilipovutwa, Chiriku alianza kutetemeka upya.

Karakana aliichangia na seremala mmoja mcheshi, aliyetengeneza mbao za makochi fundi naye akayavika nguo. Cherehani yao ilikuwa ya kushonea ngozi na turubai. Alipojaribu kuipitishia kitambaa laini, ikakitafuna. Ikabidi ashone kwa mkono. Vidole vyake vilizoea sindano nene iliyopinda, na ile nyembamba ilimteleza kama samaki. Ngozi ngumu ya kidole gumba ilikwaruza kitambaa, ikabidi aisugue kwa msasa wa seremala.

"Siku hizi tunashona nepi?" seremala aliuliza, akiwa ameinamia randa yake.

"Ukiendelea hivyo nitakuanzia wewe."

Vipande alivitoa kwenye sanduku la nguo kuukuu. Kulikuwa na gauni la mama yao la maua, limepauka hadi maua yakawa kama madoa ya chai. Kulikuwa na mashati yake ya utotoni, yale ambayo Chiriku aliyaongeza pindo mara nyingi kwa sababu hapakuwa na mengine. Na sketi ya sare ya shule, ya bluu, karibu mpya. Hiyo aliishika muda mrefu. Dada yake aliivaa muhula mmoja tu, kisha mama akafa. Mkasi ulikataa kuingia, au mkono ndio uliokataa. Mwishowe akaikata, akaiweka katikati, mahali pa kumfunika kifua.

Pamba aliichambua na kuipiga kwa fimbo mpaka ikafura. Alipomaliza kuunganisha, alijilaza kwenye kochi la mteja akajifunika ajaribu. Mfarishi ukamkandamiza kama mkono wa mtu. Akawaza kifua cha dada yake kilivyobaki mbavu, akainuka, akafumua kazi yote. Akapunguza pamba ya juu, akaiacha nyingi miguuni ambako baridi humwanzia, na huko akaweka mahameli iliyobaki kwenye kazi ya makochi. Kisha akapita na uzi toka juu hadi chini, mshono kwa mshono, pamba isije ikakimbilia pembeni. Ubavuni, upande wa mkono wa kushoto, akakata dirisha lenye kifuniko na vifungo viwili.

Seremala aliuona mfarishi siku ya mwisho. Aliugeuza pande zote, akapitisha kidole kwenye mishono, na hakutania.

Fundi aliupeleka hospitali umefungwa kwenye shuka safi. Chiriku alikuwa tayari kwenye mashine, midomo imepauka. Aliangalia mdogo wake akikunjua, akaangalia maua ya mama, akaiona sketi. Akakaza uso.

"Mimi nilihitaji figo," alisema. "Umeniletea blanketi."

"Mama!" msusi alishtuka.

"Mwache," fundi alisema. Alipiga magoti, akamfunika kuanzia miguuni, akafungua vifungo vya dirisha kumwonyesha muuguzi. Muuguzi akachungulia, akaziona sindano, akafunga. "Mbona hii imetusaidia," akasema. Chiriku alikuwa ameshageuza uso. Lakini hakuutupa, na kabla mashine haijamaliza kazi yake, alikuwa ameacha kutetemeka.

Ikawa hivyo kwa miezi. Kila alipokwenda hospitali, mfarishi ulikwenda naye. Fundi alikuja, akakaa, akaondoka, na salamu ilikuwa ya kichwa. Yeye mwenyewe alianza kuchoka. Kochi alilokuwa akilipindua peke yake sasa alimwita seremala amsaidie. Viatu vikaanza kumbana, akahamia kwenye kandambili.

Kandambili ndizo zilizomfichua. Alikuwa ameketi pembeni ya kiti, mguu mmoja juu ya mwingine, Chiriku alipoinamisha macho akauona mguu ule. Mtu aliyeishi na ugonjwa kwa miaka hahitaji daktari. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wa mdogo wake, akakiondoa. Shimo likabaki. Wakalitazama wote wawili, halikujaa.

"Tangu lini?" Chiriku aliuliza.

Fundi akashusha mguu.

"Nakuuliza tangu lini!"

"Tangu waliponipima."

Mashine iliendelea kulia pi-pi-pi. Chiriku alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa, na hasira iliyokuwemo haikuwa ile ya zamani.

"Ukaniacha nikutukane. Kwa mashangazi. Kwa majirani. Ukaniacha nikuseme mpaka mate yakanikauka!"

"Ningekuambia nini, dada?"

"Ungeniambia mimi! Nani mwingine anaujua huu ugonjwa kuliko mimi?" Alijaribu kuinuka, mirija ikamzuia. "Chumvi unakula?"

"Kidogo."

"Kidogo! Unakunywa maji kiasi gani? Dawa unameza saa ngapi? Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa. Sogea hapa."

Akasogea. Chiriku alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akakivutia kwenye ile sketi ya bluu, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wa viti vingine wakageuza nyuso kwa heshima. Kisha akaanza kuongea. Aliongea siku hiyo yote na kila siku iliyofuata: vyakula vya kukwepa, namna ya kulala miguu ikiwa juu, namna ya kunyonya kipande cha barafu kiu ikikushika, mkono upi wasiutoboe ovyo, maana siku moja mashine itauhitaji. Alikuwa na haraka. Maneno ya miezi mingi yalikuwa yamemlundikia, na mwenyewe alijua muda haupo.

Alifariki asubuhi moja nyumbani, msusi akimchemshia uji. Mashangazi walilia sana msibani, na mmoja wao alimshika fundi mkono muda mrefu. Alipoulizwa kama mfarishi uzikwe na mwenyewe, fundi alisema hapana, mpeni mwanawe.

Wiki chache baadaye msusi alimfuata karakana. Alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mjomba," alisema, "ugonjwa huu mama alikuwa nao, bibi alikuwa nao, wewe unao. Ungekuwa mimi, ungeenda kupimwa?"

Fundi aliweka nyundo chini. Alitamani kumwambia bado ni kijana, angoje kwanza aishi kidogo. "Ningeenda," alisema. "Na ningekwenda na mtu."

Akaenda naye. Alikaa kwenye benchi la ukumbi huku mpwa wake akipakwa mafuta yale ya baridi. Msusi alipotoka, alitikisa kichwa, na kwa kitambo fundi hakuelewa kichwa kile kinakataa nini.

"Hakuna," msusi alisema. "Hakuna hata kifuko kimoja, mjomba."

Fundi, ambaye msibani alijikaza kisabuni mbele ya watu wote, aliinama pale pale kwenye benchi akalia kama mtoto. Msusi alishika bega lake, akiwa na hofu, akimuuliza kuna nini tena. Alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa shati, akasema twende, seremala ananisubiri. Wakatoka wakitembea taratibu, maana siku hizo hakuweza tena kwenda haraka.