Kompyuta ya Shangazi Ilivyoanza Kusema Kiswahili

Shangazi yangu alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Bagamoyo mpaka alipostaafu, na alipostaafu hakuacha kufundisha. Chumba cha mbele cha nyumba yake, kule Dunda, ambacho zamani kilikuwa duka la vitambaa la babu yangu, alikigeuza darasa. Alasiri huja watu wazima waliokatiza masomo ujanani na sasa wanajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mazoezi yao huyatunga mwenyewe na kuyachapa kwenye kompyuta ya mezani, kubwa, iliyokuwa nyeupe na sasa imegeuka rangi ya samli.

Kompyuta ile ikaanza kuchoka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuswali ukarudi ukaikuta bado inahangaika kuamka. Flashi za wanafunzi zilikuwa zimeijaza virusi. Kisha ukaanza kutokea ujumbe kwamba mashine haina sifa za kupokea toleo jipya la mfumo wake. Fundi aliitwa, akaifungua, akapuliza vumbi, akashauri inunuliwe nyingine. Shangazi akanipigia simu Dar es Salaam.

"Hebu niambie wewe," alisema. "Kioo kinawaka, herufi zinaandika. Sasa kilichokufa ni nini?"

Nikamwambia mashine ni nzima, ila mfumo unaoiendesha umekuwa mzito kuliko nguvu zake. Mimi si fundi, kazi yangu ni bima. Lakini mwenzangu mmoja ofisini alikuwa amenionyesha Linux, mfumo mwingine unaotolewa bure na kutengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na nilishauweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakuja nao kwenye flashi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Haya, mgonjwa wako huyu hapa."

Kwanza nilinakili mazoezi yake yote na kuyaweka pembeni. Nikachomeka flashi, nikawasha. Yeye akavuta kiti, akasema bismillahi kwa sauti, akakaa karibu yangu kama anayesimamia chumba cha mtihani. Tulikuwa tumefika zaidi ya nusu umeme ukakatika.

Akanitazama. "Umeiua?"

"Sijui bado," nikasema, na kweli nilikuwa sijui.

Akainuka akaenda jikoni. Alipakua wali na mchuzi wa papa, tukala, akanihadithia habari za ukoo ambazo simu haziwezi kuzibeba. Umeme uliporudi nikaanza upya tangu mwanzo. Safari hii kazi ilifika mwisho. Mashine ikazimika, ikawaka yenyewe, na kabla shangazi hajamaliza kukunja mkeka ilikuwa tayari inasubiri kuambiwa la kufanya. Tukawasha printa yake ya zamani, ile ambayo diski yake ya programu ilipotea siku nyingi. Mfumo ukaitambua bila kuulizwa lolote, ikatoa ukurasa wa zoezi la ngeli, safi kabisa.

"Mashallah," akasema, akiupapasa ukurasa ule. "Na hawa waliotengeneza hawanijui."

Kilichompendeza zaidi, hata hivyo, ni orodha ya lugha. Alikuwa ameona Kiswahili kimo, akaniamuru nikichague. Maneno ya Kiingereza yakapungua kwenye kioo, mengine yakabaki, na yeye akaanza kusoma kwa sauti. Alifika mahali akasimama.

"*Faili hii*? Nani kaandika faili hii?"

"Mtu fulani, shangazi. Wanaotafsiri nao wanajitolea."

"Faili hili, mafaili haya. Mbona wanavunja ngeli mchana kweupe?" Akaendelea kusoma, akacheka, akasonya, akacheka tena. Kisha akauliza, taratibu, "Ukiona kosa unamwambia nani?"

Nikamweleza kwamba ipo tovuti ambako mtu yeyote hujiandikisha, hupendekeza maneno, na mhakiki huyakubali au huyakataa.

"Mtu yeyote?"

"Hata wewe."

Nilidhani ni mazungumzo ya kupitisha jioni. Nilimfungulia akaunti, nikamwonyesha jinsi ya kuunganisha kompyuta na bando la simu yake, nikarudi Dar es Salaam.

Nilipokwenda tena Bagamoyo nilimkuta katikati ya ugomvi. Mhakiki, mtu aliyesema amekulia Nakuru na sasa anaishi ng'ambo, alikuwa hakubaliani naye kuhusu jina la mahali yanapokwenda mafaili yaliyofutwa. Tafsiri ya awali ilisema *Takataka*. Shangazi alikuwa amepinga, akisema takataka ni uchafu wenyewe, si mahali unapowekwa. Mhakiki akaleta *Jalala*. Shangazi akalikataa nalo.

"Kilichokwenda jalalani kimekwenda," aliniambia. "Hapa unaweza kujuta ukakirudisha. Sasa, nyumbani kwako, ukitupa maganda, kijiko nacho kikaponyoka, unakitafuta wapi?"

"Kwenye kapu la taka."

"Ahsante! Kapu la taka."

Akaandika hivyo hivyo, na mfano wa kijiko akautia, kwa lugha ya heshima iliyonyooka kama mwandiko wa ubaoni. Jibu lilikuja siku iliyofuata: mhakiki amekubali, na anaomba amwite mwalimu.

Kuanzia hapo hakukamatika. Maneno yaliyomshinda aliyapeleka darasani. Nilikuwepo alasiri moja alipowauliza wanafunzi wamelielewaje neno *Hifadhi* lililoandikwa juu ya kitufe. Mama mmoja mzaliwa wa Saadani, anayeuza samaki wa kukaanga na aliyeolewa hapa Dunda, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi nilijua ni mbuga. Kwetu Hifadhi ndiko wanakoajiriwa kaka zangu."

Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao. Shangazi hakucheka. Alitafakari.

"Ni neno lile lile," akasema. "Kule wanatunzwa wanyama wasipotee. Hapa unatunza ulichoandika kisipotee. Haya, njoo ubonyeze." Yule mama akaja, akaandika jina lake, akabonyeza. Shangazi akaifunga kazi ile, akamwambia aifungue tena. Jina lilikuwepo. Mama akaliangalia kwa muda, kisha akaomba aandike na la mwanawe.

Nimefanya kazi na watu wengi wanaolalamikia lugha yetu ilivyoandikwa kwenye simu na mashine, nami ni mmoja wao. Tunaona kosa, tunatoa macho, tunabadilisha mipangilio irudi Kiingereza. Shangazi aliona kosa akakaa chini kulisahihisha, moja baada ya jingine, akiwa na miwani yake iliyofungwa uzi, kwenye mashine iliyokuwa imehukumiwa kutupwa. Sijui kama nimewahi kumwonea fahari mtu mwingine kiasi kile.

Toleo jipya lilipotoka niliomba ruhusa kazini nikaenda kulipokea pamoja naye. Lilishuka polepole, likajipanga, mashine ikawaka upya. Pale pembeni mwa kioo palikuwa na maneno matatu: *Kapu la taka*. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

"Na huko kwa wenzetu wote limeandikwa hivi hivi?"

"Kila aliyechagua Kiswahili."

Akasogea karibu na kioo. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anafikiri.

Siku chache baadaye mhakiki alimwandikia kwamba rafiki zake wamefufua kompyuta kuukuu za shule moja kando ya Ziwa Victoria, wamezitia mfumo huu, na watoto wanausoma kwa Kiswahili. Shangazi alinisomea ujumbe ule kwenye simu, kisha akanisomea jibu alilokwisha kulituma. Hakushukuru sana wala hakujisifu. Aliuliza kama kuna neno lolote ambalo watoto hawakulielewa, na huko kwao wanaliitaje.

Majibu ya watoto yamefika. Maneno matatu yamewagombanisha shangazi na mhakiki: moja mhakiki ameshashindwa, mawili wanayabishania mpaka sasa.