Kengele ya Watu Wawili

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Watu wawili, mmoja amevaa koti la kijani na mwingine jekundu, wanateremsha kengele kubwa kutoka mlimani hadi mjini. Kengele imening'inizwa katikati ya mti mrefu. Wa kijani ameshika ncha moja, mwekundu ameshika nyingine. Mmoja akikimbia mwenzake akabaki, mti unainama, kengele inateleza, inagonga mwamba, na wote mnarudishwa nyuma. Hakuna adui wa kupiga. Taabu yote iko kwa yule unayebeba naye.

Tuliununua mimi na rafiki yangu, niliyesoma naye chuo na kupanga naye chumba kimoja hapa Dodoma, mtaa wa Area D. Mashine tuliipata kwa jamaa mmoja aliyekuwa anafunga banda lake la gemu. Alitupa na pedi mbili za kuchezea, moja ikiwa imefutika alama zote kwa vidole vya watoto wa mtaa. Ile iliyofutika aliichukua rafiki yangu.

"Mimi sihitaji kusoma," alisema. "Nabonyeza tu."

Ndivyo alivyo. Mimi husoma maelekezo mpaka mwisho, kisha nayarudia kutafuta nilipoelewa vibaya. Kwenye mchezo yeye mwenye koti jekundu alitangulia, mimi wa kijani nikafuata nyuma nikipiga kelele, "Taratibu, shoga! Ukingo huo!" Kwa mtindo huo wa kuanguka na kulaumiana tulifika nusu ya mlima, kwenye mdomo wa pango.

Kisha tukaenda kwenye usaili, wa kazi moja, na tukafaulu wote wawili. Yeye akapangiwa kituo Mwanza. Mimi nikawekwa kanzidata. Kwa asiyewahi kuwekwa huko: ni mahali wanapohifadhiwa waliofaulu wakati nafasi zimekwisha. Hujakosa kazi, wala hujapata. Unaambiwa usubiri, nafasi ikitokea utaitwa. Nyumbani kijijini Busi, mama aliwaambia majirani kwamba nimepata kazi ila haijaanza. Nilitafuta uongo katika maneno hayo nikaukosa.

Asubuhi ya kuondoka, rafiki yangu alisimama mlangoni, begi moja mgongoni, jingine likiwa tayari kwenye bajaji, akaninyooshea kidole.

"Usiguse kengele yetu."

"Nitaigusaje peke yangu?"

"Nakujua wewe. Usiguse. Nitakuja tumalize."

"Lini?"

"Nikipata likizo. Au semina. Dodoma haikosi semina."

Nikamwahidi kumsubiri.

Kwanza alisema atakuja Pasaka. Baadaye akasema tuseme katikati ya mwaka. Kisha ikatokea semina kweli, ikahamishiwa Morogoro. Kila mara nilifuta vumbi kwenye runinga, na kila mara meseji ilikuja ile ile kwa maneno tofauti. Mojawapo ilisema, "Nimebanwa mwaya." Nililifikiria hilo "mwaya" siku nzima. Lilikuwa la kunibembeleza, au la kunifukuza kwa upole? Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika jingine fupi ili nisionekane nimeumia, nikaona ufupi wake ndio unaoonyesha nimeumia. Mwishowe nilituma picha ya kidole gumba. Hicho kidole nacho kilininyima raha.

Jumamosi moja mchana, upepo ukirusha vumbi dirishani, niliwasha mashine ili nione tu mahali tulipoachia. Ukiwasha pedi moja, mchezo hauanzi. Unaona wa kijani amesimama mdomoni mwa pango, ncha yake mkononi, ncha ya pili iko chini, na maandishi yanasema mchezaji wa pili anasubiriwa. Sikubonyeza chochote. Baada ya muda yule wa kijani alikaa chini, akajikuna kichwa, akaanza kupanga vijiwe. Waliotengeneza mchezo waliona niwekewe kichekesho.

Nikakasirika. Kwangu hasira huja mara chache, maana nikianza kukasirika hujiuliza kwanza kama nina haki. Safari hii sikujiuliza. Wiki ile kila niliyekutana naye alikuwa ametaka kujua kama nimeitwa, na kila mmoja alimalizia kwa neno moja: subiri. Mwenye duka aliniambia hivyo, na mjomba kwenye simu akasema vivyo hivyo. Na sasa picha iliyochorwa na watu wasionijua ilikuwa imekaa chini inapanga vijiwe badala yangu.

Nilimwahidi kumsubiri aje. Sikumwahidi kumsubiri asipokuja. Nikawasha pedi ya pili.

Tatizo la kwanza lilikuwa mikono. Kifimbo cha kumwongozea mtu kiko upande wa kushoto wa pedi, na mkono wa kushoto ninao mmoja. Mkono wa kulia ulipojaribu kukifikia ulijikunja kama wa mgonjwa. Basi pedi ya mwekundu nikaigeuza juu chini, nikaiegemeza gotini. Kifimbo kikaja kulia, lakini mambo yote yakapinduka: nikitaka apande nimsukume chini, nikitaka aende kushoto nimpeleke kulia. Siku ya kwanza kengele ilianguka hatua ya kwanza, mara nyingi mno, mpaka nikacheka peke yangu. Sikuzima.

Nilizoea kucheza mchana, nikishafua na kujaza maji kwenye madumu. Ili vichwa viwili visichanganyike katika kimoja, nilianza kusema kwa sauti.

"Shika! Shika wewe, usiniachie. Haya, panda. Panda taratibu. Hapo hapo."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mwenye nyumba, mstaafu wa serikali, mwenye sheria moja kubwa kuliko zote: wageni wa kiume wanaishia barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Unayemwambia apande taratibu."

Aliangalia nyuma ya pazia. Akainama, akaangalia chini ya kitanda. Nikamwonyesha runinga. Alikaa ukingoni mwa kitanda akatazama kidogo.

"Huyu mwekundu ni nani?"

"Ni mwenzangu, mama. Yule aliyeenda Mwanza."

"Yuko Mwanza, na yuko hapa?"

"Namchezea mimi."

"Na wa kijani?"

"Ndiye mimi."

"Kwa hiyo unajigombeza mwenyewe."

"Namgombeza yeye."

"Lakini mkono ni wako." Kengele ikaanguka. "Mwanangu akirudi shule nitamwambia aje akushikie hiyo moja. Hawa watoto wanajua."

"Asante, mama. Hapana."

"Kwa nini? Si mzigo wa wawili huo?"

"Nitaubeba hivyo hivyo."

Akanitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. "Haya. Ila punguza sauti. Majirani wataniuliza nimempangisha nani."

Alipotoka nilijiuliza, kama kawaida yangu, kwa nini nimekataa. Mtoto yule angenisaidia kweli. Lakini ningekuwa nimebadilisha tu mtu wa kumsubiri. Badala ya likizo ya Mwanza ningesubiri kengele ya shule.

Baada ya pango kulikuwa na daraja la mbao lililonizuia muda mrefu. Mbao zake hazibebi wawili kwa pamoja. Wa nyuma akanyage ubao wakati wa mbele ameinua mguu, kwa kupokezana, mpaka ng'ambo. Nilimtazama wa kijani, mwekundu akatumbukia. Nilimtazama mwekundu, wa kijani akatumbukia. Nilijaribu kuwatazama kwa zamu, macho yakichelewa kila mara nusu hatua, na hasira ikanipanda mpaka shingoni.

Kule kwetu Busi wanawake wawili hutwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana, mchi wa mmoja ukipanda wa mwenzake unashuka. Nilipokuwa na umri wa kuanza kufundishwa, nilikuwa namtazama mama ili nijue wakati wangu umefika, na michi ikagongana kila mara. Mama alinikemea kwa Kirangi, jasho likimtiririka, hana muda nami: mchi wangu unautazamia nini, utanivunja vidole, tazama kinu. Hakukusudia kunifunza maisha. Alitaka uwele utwangike kabla jua halijawa kali.

Nikaacha kuwatazama wote wawili. Nikatazama kengele. Ikiinama kulia, mkono wa kulia ulijua. Ikiinama kushoto, wa kushoto ulijua, na mimi katikati sikuwa na la kufikiri, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi maishani. Daraja likaisha. Niligundua nimevuka pale niliposikia ngoma zao za ushindi, na wale wawili wakapigana viganja vya mikono, mwekundu na wa kijani, bila mtu wa Mwanza kujua lolote.

Kutoka hapo sikurudi nyuma. Niliwapitisha mtoni, niliwapitisha kwenye shamba la nyuki, mpaka nikawafikisha langoni mwa mji. Kilichobaki kilikuwa ngazi za mnara ambako kengele itatundikwa. Nilikuwa nahangaika na ngazi hizo meseji ilipoingia: "Semina Dodoma, wiki ijayo! Nakuja kumaliza kengele yetu!"

Wiki ile sikulala vizuri. Mashine ilikuwa bado imehifadhi mahali petu pa zamani, mdomoni mwa pango. Ningeweza kurudi pale, nikajifanya sijui daraja, nikapiga kelele za kushtuka panapostahili. Asingejua kamwe. Tungemaliza pamoja, tukapiga picha, na urafiki wetu ungebaki bila mkwaruzo. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba nikimwonyesha nilichofanya, nitampoteza. Nililigeuza jambo hilo pande zote. Siku ya kuja kwake niliwasha runinga nikaacha mnara uonekane, ncha mbili za mti chini ya ngazi.

Aliingia na kitambulisho cha semina shingoni na mfuko wa dagaa mkononi.

"Weee! Umekonda!"

"Wewe umenenepa."

"Mwanza kuna samaki, shoga, utafanyaje." Tukakumbatiana. Kisha macho yake yakaenda kwenye runinga. "Hapo ni wapi?"

"Mjini."

"Sisi tuliachia pangoni."

"Nimeshatoka huko."

"Na nani?"

"Na wewe."

Aliweka dagaa mezani polepole. "Uliniahidi."

"Nilikusubiri."

"Nilikuwa kazini! Unadhani nilikuwa nacheza?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akavua viatu, akakaa kitandani, akanyoosha mkono. "Haya, yameisha. Nipe pedi yangu tumalize."

Mkono ule niliutazama. Kumpa lilikuwa jambo dogo. Amesafiri, amechoka, amekuja. Lakini nilijua vilevile itakavyosimuliwa: tulianza pamoja, nikamsubiri, akaja, tukamaliza. Na hicho sicho kilichotokea. Daraja lile lilikuwa na mtu mmoja.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Kaa utazame."

Nilidhani atachukua mfuko wake aondoke. Aliegemea ukuta, akakunja mikono kifuani. "Haya. Tuone."

Nikageuza pedi yake juu chini, nikaiweka gotini, nikaanza. Kwenye kona ya kwanza mti uliinama na kengele ikabingirika ngazi zote.

"Unaona? Kushoto, kushoto!"

"Nyamaza."

"Mwekundu wako mzito."

"Ni wako huyo."

"Wangu hakuwa mzito. Wangu alikuwa anakimbia."

"Ndiyo maana tulikuwa tunaanguka."

"Ala! Kumbe siku hizi una mdomo."

Nikarudia. Mikono ilikosea kwa sababu alikuwa anatazama, na kwa sababu nilikuwa najua anatazama, na kwa sababu nilikuwa nawaza kwamba najua. Kisha nikakumbuka kuitazama kengele tu. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilisikia pumzi yake ikisimama kwenye ile kona nyembamba ya juu, mwekundu mguu mmoja hewani, na sikumgeukia. Wakafika. Kengele ikapanda, ikajitundika yenyewe, na kamba mbili zikashuka: moja ya kijani, moja nyekundu.

"Hata kamba tu nivute?" aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Hata kamba."

Nikavuta zote mbili kwa pamoja. Spika ya runinga yetu ni ya zamani, ina mkwaruzo, na sauti nilikuwa nimesahau kuipunguza. Kengele ililia chumba kizima. Uani, mama mwenye nyumba aliyekuwa anaanua nguo akapaza sauti.

"Jamani, kuna nini humo?"

Rafiki yangu akanyanyuka, akasimama mlangoni peku. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu, umekuja! Ndio mmemaliza ule mchezo wenu?"

"Hapana, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu kidogo ambao hakujaribu kuuficha. "Kaumaliza huyu. Peke yake."

Nikavuta kamba tena.