Katoyi Yaonja Mbegu ya Agronomu

Saa moja asubuhi, moshi wa makaa unapanda mbele ya nyumba ya mbao mtaani Katoyi, Goma. Mama Annonciata, mwenye miaka hamsini na minane, ameinama juu ya sufuria. Siku nyingine hupikia nyuma ya nyumba. Leo amelileta jiko kando ya njia, ili kila apitaye aone kinachoingia: maji ya ziwa, chumvi, na maharagwe aliyovuna mwezi uliopita.

"Sifuniki," anasema. "Wakiona kifuniko, watawaza ninaficha kitu."

Maharagwe hayo yana kesi.

Mama Annonciata aliletwa Goma akiwa bibi harusi, kutoka milima ya Masisi, ambako jembe huzama mpaka mpini. Hapa alikuta mawe meusi ya volkano. Mvua ikinyesha, maji hupotelea chini ya mawe, na juma moja la jua linatosha kukausha majani. Amelima hivyo hivyo, akibeba udongo kwa kikapu na kuushindilia katikati ya mawe. Katika ukame wa mwaka jana, 1984, alipanda makopo manne ya maharagwe akavuna sita.

Mwezi wa pili mwaka huu, agronomu wa zone, yaani bwana shamba wa wilaya, citoyen Buhendwa, aliwaletea akina mama wa mtaa mbegu inayovumilia jua. Punje zilikuwa nyekundu kwa dawa ya wadudu. Akawaonya: ni za kupanda tu, zisiliwe.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Wanawake wa Katoyi hawapandi wasichokula. Mbegu ngeni hupikwa kwanza konzi moja, ijulikane inamaliza makaa kiasi gani, mchuzi wake ukoje, na kama watoto watalala salama. Hakuna aliyemkatalia Buhendwa usoni. Walishukuru, wakazichomeka mbegu darini.

Jirani mmoja, Mama Généreuse, alishindwa kuvumilia. Aliosha zake mara tatu ili aonje. Kabla hajazibandika motoni, kuku wake alikunywa yale maji mekundu. Jioni kuku alikuwa amekufa.

"Mbegu ya kuua kuku, itaogopa mutu?" watu wakaulizana.

Mama Annonciata alipanda zake, nusu ya shamba. Akiulizwa kwa nini, hazungumzii ukame. Anasimulia siku Buhendwa alipomkuta akipandisha kutoka ziwani na bidoni ya lita ishirini mgongoni. Agronomu alishuka kwenye baiskeli, akaipakia bidoni, akaisukuma kwa miguu mpaka mlangoni kwake.

"Mutu wa kunibebea maji hawezi kuniletea kifo," anasema. "Niliamini yeye kwanza, mbegu nyuma."

Hata hivyo aliogopa. Nusu ile ingekufa, yeye na wajukuu wake watatu wangekosa maharagwe mpaka mwezi wa kwanza. Mwezi wa nne mvua ikakatika majuma matatu. Maharagwe yake ya zamani yalinyauka, yale mageni yakasimama. Kwa makopo mawili amevuna kumi na moja, punje safi zisizo na dawa.

Saa nne, sufuria imezungukwa. Mama Annonciata anakula wa kwanza. Wengine wanamtazama mdomo, sahani zao zimebaki mikononi.

Kisha anafika Mama Généreuse na kuku kwapani. Anachota punje moja, anaipuliza, anamtupia. Kuku anameza, anachakura kutafuta nyingine. Wote wanangoja. Mmoja anamuuliza kama siku hizi kuku ndiye daktari wa Katoyi.

"Ile ya kwanza haikukuwa na wa kuionjea," anajibu bila kucheka.

Halafu anauliza kiasi cha makaa yaliyotumika. Anaonyeshwa yaliyobaki ndani ya kikapu: ni mengi. Anasogea, ananyoosha sahani.

Adhuhuri sufuria ni tupu, na wanawake saba wameondoka na mbegu, nusu kopo kila mmoja.

Alasiri Buhendwa anapita na kukuta bakuli lake limehifadhiwa chini ya jani la mgomba. Mama Annonciata anamwambia kwamba mwaka ujao alete mifuko miwili: mwekundu wa shamba, na mwingine usiotiwa dawa, wa kuonja. Agronomu anaandika hilo katika daftari lake kabla ya kugusa chakula.

Mwezi wa tisa, mvua ikirudi, Mama Annonciata atapanda shamba lote. Anajua pia atakachofanya na makopo mawili ya kwanza ya mavuno: atayauza, amnunulie Mama Généreuse kuku.

"Ile kuku ilionja kwa ajili ya sisi wote," anasema, akisugua sufuria. "Na hakuna mutu aliyemupa mwenye kuku hata pole."