Saa Kumi na Moja za Guangzhou

Swaumu anakata tiketi za ndege Mtaa wa Aggrey, chumba kimoja juu ya duka langu la mabegi ya safari. Mwaka wa kumi na mbili huu, na ndege yenyewe hajapanda. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoenda China kufunga mzigo wanapitia kwake, halafu wanashuka kwangu kununua begi. Wote anawaambia neno lilelile: "Umbali usinisumbue nao. Niulize unabadilisha ndege wapi na unasubiri saa ngapi."

Sasa sikia. Mama yake alifariki Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwao Gerezani. Mdogo wake, Abdulmajid, yuko Guangzhou mwaka wa tano, anasimamia mizigo ya watu. Huyo alimwahidi mama kwamba atamwingiza kaburini kwa mikono yake, na bibi wa watu kila nikienda kumwamkia alikuwa ananisimulia ahadi hiyo.

Baba yao mdogo, Mzee Abbasi, akamwita Swaumu mlangoni. Nilikuwa naye. Mzee alishatazama kwenye simu: Guangzhou mpaka Dar, kilomita elfu nane na mia saba, saa kumi na moja angani.

"Akiondoka sasa hivi, alasiri yuko hapa," akasema. "Nitamngoja mpaka hapo, zaidi ya hapo hapana. Ni kweli, mwanangu?"

Swaumu alijua si kweli. Ndege ya karibu ilikuwa inaondoka jioni yetu, inapitia Addis, na Abdulmajid angetua Ijumaa mchana. Akaniangalia. Nikamnong'oneza: "Mwambie ndiyo. Wakishangoja leo, watangoja na kesho."

Ujinga wangu huo. Mimi Mchaga wa Machame, Mkristo. Kwetu mwili unakaa mochwari wiki nzima mpaka ndugu wa Marekani afike. Miaka yote hii nakula pilau yao ya Idi, na bado sikuwa nimeelewa kwamba wao hawalazi maiti.

"Ndiyo, baba mdogo," akasema Swaumu. Akamwandikia mdogo wake: Wanakungoja, njoo.

Alasiri ikafika. Mzee akauliza ndege iko wapi. Swaumu akaanza kulia, akasema haijaondoka.

Mzee hakufoka. "Na hii ndiyo kazi yako, Swaumu. Mama yako angekuwa ameshapumzika tangu adhuhuri." Akawaambia wanaume wanyanyue jeneza.

Wanawake hawaendi makaburini, tukabaki kwenye mkeka. Nikamwambia ampigie Abdulmajid.

"Akijua atageuza," akasema. "Acha aje."

Nami sikumpigia. Namba ya Abdulmajid nilikuwa nayo, ninayo hata leo.

Ijumaa saa tisa Abdulmajid akaingia uani na kibegi mgongoni, kanzu ameshaivaa hukohuko safarini. Akaona viatu vichache mlangoni, akaelewa. Nilidhani atauliza kwa nini hawakumngoja. Aliuliza walimzika saa ngapi.

"Saa kumi na nusu," akajibu Swaumu.

Akahesabu kwa vidole zile saa tano ambazo China wametutangulia.

"Nilikuwa uwanja wa ndege nimekaa," akasema. "Nakula tambi. Simu iko mkononi, chaji imejaa. Si mngenipigia hata nikasikia dua, dada?"

Mimi niliyemponza Swaumu nilikuwa nimeshika sinia la kahawa kama mgeni tu. Abdulmajid alikaa siku tatu. Tiketi ya kurudi alikata kwa watu wengine, mjini Posta.