Pua ya Mwanapili

Kwa miaka arobaini mama yangu, Mwanapili, hakumruhusu baba avuke kizingiti akitoka kazini. Kwanza ndoo mbili za maji na sabuni. Baba, fundi Athmani, hutengeneza upya ndani ya mashua kuukuu hapa kisiwani Koyama: hukwangua rangi ya zamani, hukagua mataruma, zile mbavu za chombo, kisha hupaka mafuta ya papa. Yananuka, sikatai. Lakini mama alizidisha, utadhani ameolewa na papa mwenyewe.

Uozo baba hakuutafuta kwa macho. Aliingiza kichwa, akanusa, akasema, "Huu." Kisu kikazama.

Mwezi wa Rajabu alishikwa na homa, ikaondoka na pua yake. Hakumwambia mtu. Siku tano alikwangua palepale katika mashua ya Hamidi, akiogopa kupaka. Mafuta yakipita juu ya uozo huuficha, na Hamidi hupeleka kina mama na watoto Kismayu kwa mashua hiyo.

Siri ilitolewa na wali. Mama alirudi kutoka kisimani akaukuta unaungua, na baba kaketi kando ya jiko, anavuta tasbihi.

"Mchu gani wewe, wali waungua nawe umekaa?"

Baba akainama. "Sisikii harufu ya kichu, Mwanapili. Kesho namwambia Hamidi atafute fundi mwingine."

"Mficha uchi hazai," akasema mama, lakini ukali ulikuwa umemtoka.

Asubuhi akajifunga leso kiunoni, akaingia mashuani, yeye aliyekuwa akiziba pua hata akipita pwani. Akatambaa taruma baada ya taruma, akinusa na kunung'unika. Karibu na mlingoti akasimama.

"Hapa panuka siki."

Baba akachoma kisu. Kikazama mpaka mpini. Nikichungulia ukingoni, nililia, sioni haya kusema.

Taruma likabadilishwa, wakapaka mafuta pamoja mpaka alasiri. Walirudi wananuka wote wawili. Mlangoni mama akashika ndoo, kama kawaida yake. Baba akamzuia.

"Kazi si kichu," akasema. "Nikosacho ni harufu ya asumini ya nyweleni mwako. Tangu homa ile nalala kando yako kama mchu alo safarini."

 Mama akaiweka ndoo chini, akamshika mkono, akamvusha kizingiti vivyo hivyo alivyo.