Namba Aliyoiuliza Koleta

Mwaka 1985, katika ofisi ya mradi wa mbegu za mahindi mjini Tabora, Koleta Bundala ndiye karani pekee aliyeizoea kompyuta. Mtaalamu aliyeiandikia programu alikwisha kuhamishiwa Dodoma.

Asubuhi hiyo orodha ya vijiji ilikuwa imechapwa, na stesheni magunia ya mbegu za vijiji hivyo yalikuwa yakipakiwa kwenye behewa la kwenda magharibi. Koleta aliipitia orodha kwa kidole. Kijiji cha wazazi wake, jirani na Usoke, hakikuwamo. Wala vingine kumi vilivyoandikishwa mwezi uliopita.

"Mbona mashine imeandika kazi imekwisha?" aliuliza mkuu wake, Mzee Yahaya, alipoonyeshwa.

"Imeandika, mzee. Naomba nusu saa."

Alijua programu ile kubwa haifanyi kazi yenyewe. Huziita programu ndogo tatu kwa zamu: ya kusoma vijiji, ya kuvipanga, ya kuchapa. Kila moja ikimaliza huacha namba. Sifuri ni salama. Namba nyingine yoyote, imeshindwa. Akaanza kuziendesha mwenyewe, na baada ya kila moja akaiuliza kompyuta namba. Ya kwanza, sifuri. Ya pili, mbili.

Diski ilikuwa imejaa. Orodha mpya ilikosa pa kuandikwa, na programu ya kuchapa ikachukua orodha ya msimu uliopita. Programu kubwa haikujali namba ya yoyote kati ya zile ndogo. Iliita, ikapita, ikatangaza imemaliza.

Koleta akaegemea kiti, akashusha pumzi. Kosa lilikuwa limepatikana, na lilikuwa dogo. Baada ya kila wito akaongeza maneno machache: itazame namba; ikiwa si sifuri, simama useme. Akaijaribu programu, diski ikiwa bado imejaa. Mashine ikasimama palepale: *Kupanga vijiji kumeshindwa.* Hakuwahi kufurahia kushindwa namna ile.

Akafuta mafaili ya zamani, akaendesha tena. Sifuri tatu. Kijiji chao kikatoka kwenye karatasi, mstari wa arobaini.

Mzee Yahaya alikuwa kwenye simu na stesheni. "Behewa bado halijaunganishwa," alimwambia Koleta. "Magunia yataongezwa."

Akaweka simu chini. "Na mwezi ujao?"

"Ikishindwa, itasema yenyewe, mzee."

"Basi nenda ukale, mwanangu. Mimi nitaipeleka orodha."